Chumba cha Uani

Mimi ni mvuvi wa madema hapa Mkokotoni. Nataka kukueleza habari ya mtoto wa marehemu kaka yangu. Alifungwa kwa wizi, akatoka.

Hapa Zanzibar jela huitwa Chuo cha Mafunzo, na mfungwa huitwa mwanafunzi. Katiba yetu ya mwaka 1984 inakitaja chuo hicho miongoni mwa idara maalum. Wazee bado husema Kiinua Miguu, yaani jela ya Kilimani, mjini. Jina jipya ni zuri. Lakini mwanafunzi wa skuli akimaliza hupigiwa vigelegele. Huyu wetu alishuka garini jioni na kifurushi cha nguo, na watu wa barazani wakanyamaza.

Nyumba ya baba yake ilikwisha kuanguka. Nikampa chumba cha uani, nilimokuwa naweka madema. Usiku wa kwanza hakulala. Alisimama mlangoni akauliza, "Ami, naweza kutoka?" Nilishindwa kumjibu. Asubuhi nilinunua komeo, nikalitia kwa ndani, alifunge na kulifungua mwenyewe.

Usidhani mimi ni mwema sana. Kila usiku nilihesabu pesa zangu. Siku moja zilipungua shilingi elfu kumi. Sikumwuliza, ila nilimtazama. Kumbe mke wangu alizichukua kununua unga. Kijana aliyaona macho yangu, na siku mbili hakula nasi.

Mwaka 2015 Umoja wa Mataifa ulipitisha kanuni juu ya wafungwa. Zina jina la Nelson Mandela, aliyefungwa miaka 27. Zinasema anayetoka apatiwe, kwa kadiri iwezekanavyo, vitambulisho, nguo, nauli ya kufika kwao, mahali pa kukaa na kazi. Tazama, nauli na nguo! Basi kama una ndugu anayekaribia kutoka, usingoje siku ile. Mwone sheha mapema kwa habari ya kitambulisho. Safisha chumba.

Kazi ndiyo iliyonitaabisha. Nilimchukua katika ngalawa yangu. Mwenzangu wa miaka mingi akashuka, akasema hendi baharini na mwizi. Tukaenda wawili, mimi na kijana, na mwanzoni tulipata samaki wachache, kwa kuwa hakujua kuzamisha dema.

Sasa anasuka madema yake. Bado anakaa chumba kile. Juzi jirani, aliyekuwa akifungia kuku wake ndani kwa ajili yake, alikuja kumwagiza dema moja. Bei walielewana wenyewe.