Zamu wa Sataranji

Baba yangu alikuwa zamu. Miaka mingi alilinda ghala moja hapa Lubumbashi, usiku kucha, kwa fimbo na taa ya mkono. Asubuhi alirudi nyumbani, akanawa miguu, akala bukari iliyobaki, akalala. Nikimwuliza, "Baba, usiku kulitokea nini?" alijibu sikuzote neno moja tu: "Hakuna." Mimi nilikuwa mtoto, nikaona haya. Wenzangu walikuwa na baba zao waendeshao magari moshi na wachomeleao vyuma. Wangu alilipwa kwa sababu ya "hakuna". Siku moja mwalimu alituuliza kazi za wazazi wetu, nami nikasema: "Baba yangu ni karani." Habari ikamfikia. Hakunipiga, wala hakunena neno.

Hayo nilikuwa nimekwisha kuyasahau. Ndipo jirani yangu, mwalimu mstaafu, aliponifundisha mchezo wa sataranji, akaniazima na kitabu chenye michezo ya Tigran Petrosian, aliyekuwa bingwa wa dunia toka mwaka wa 1963 hata 1969.

Huyu Petrosian alikuwa Mwarmenia, aliyezaliwa tarehe 17 Juni 1929 mjini Tbilisi, katika nchi ya Georgia. Baba yake alitunza jumba moja la maofisa wa jeshi. Mtoto alijifunza sataranji akiwa na miaka 8 hivi. Kisha vita vikaja, na katika miaka ile mama na baba wakafa wote wawili. Kijana akashika ufagio wa baba yake, akafagia njia za mji wakati wa baridi kali. Baadaye alisimulia mwenyewe ya kwamba alfajiri, njia zikiwa tupu, kazi haikumwumiza sana. Lakini kulipopambazuka na watu kutoka nyumbani, aliona aibu mno. Akaugua, akapoteza mwaka mzima wa shule. Niliposoma habari hiyo nilifunga kitabu, nikakaa kitambo.

Wakati huohuo alikuwa akisoma maandiko ya Nimzowitsch, mchezaji aliyefundisha jambo ambalo wengi walilicheka: usingoje adui akutishe ndipo ujilinde, tazama anataka kwenda wapi, ukaifunge njia ile kabla hajaifikiria. Petrosian akalishika neno hilo kuliko yule aliyelifundisha. Akahamia Yerevan, kisha Moscow, na mwaka wa 1952 akapewa cheo cha mchezaji mkuu.

Kwa wale wasioujua mchezo, nieleze kidogo. Ubao una vyumba 64, na kila mtu ana kete 16: mfalme, malkia, ngome mbili, farasi wawili, askari wadogo 8, na kete mbili ambazo Waingereza huziita maaskofu, Wafaransa huziita wenda wazimu, na Warusi huziita tembo. Mimi nitawafuata Warusi, nisije nikawakosea heshima wakubwa wetu. Ngome huhesabiwa 5, tembo na farasi 3. Kwa hiyo anayetoa ngome yake na kupokea tembo amepata hasara, kama mtu auzaye mbuzi kwa bei ya kuku.

Basi mwaka wa 1953, huko Zürich katika nchi ya Uswisi, Petrosian alikutana na Reshevsky wa Marekani. Reshevsky alikuwa na askari wawili katikati ya ubao, wamesimama bega kwa bega kama watu wanaosukuma lori. Wakianza kwenda mbele, mambo yamekwisha. Petrosian aliona chumba kimoja ambapo farasi wake angewazuia. Lakini njia ya farasi ilikuwa imezibwa na ngome yake mwenyewe. Akafanyaje? Akaiondoa ngome ile, akaiweka mbele kabisa ya askari mmoja, mahali ambapo tembo wa adui angeweza kuila. Wala hakuna mtu aliyemlazimisha! Reshevsky akaila. Farasi akapita, akakaa mahali pake, na kuanzia hapo askari wale hawakusogea tena. Ngome za Mmarekani, zenye nguvu zaidi kwa hesabu, zikakosa njia ya kupita. Kwenye mwendo wa 41 wakapatana suluhu.

Nilicheza mchezo ule ubaoni peke yangu mara nyingi, na kila mara nilikumbuka pipa. Nyuma ya ghala la baba palikuwa na pipa tupu, na kila jioni wafanyakazi waliliacha karibu na ukuta. Kila jioni baba alilivingirisha mpaka katikati ya uwanja. Mimi nilipompelekea chakula nilimwona akihangaika nalo, nikasema moyoni: mzee huyu hana kazi. Hakuna mwizi aliyepanda ukuta ule kwa pipa lile. Nilidhani ndiyo sababu kazi yake ilikuwa bure.

Tusimsifu Petrosian kupita kiasi. Mwaka wa 1962, katika kisiwa cha Curaçao, walikusanyika wachezaji 8 ili apatikane mpinzani wa bingwa. Yeye alicheza michezo 27, akashinda 8, akapata suluhu 19, hakushindwa hata mara moja, akawa wa kwanza. Lakini yeye na wenzake Keres na Geller, kila walipokutana wao kwa wao, walipatana suluhu, michezo yote 12, tena mara nyingi upesi sana. Kijana Fischer wa Marekani alilalamika kwa sauti kubwa, nami naona alikuwa na haki ya kulalamika. Zamu anayepatana na jirani zake walale mapema hastahili mshahara wote.

Lakini mwaka uliofuata alimshinda Botvinnik kwa pointi 12 na nusu kwa 9 na nusu, na mjini Yerevan watu walijaa uwanjani kufuata michezo kwenye ubao mkubwa. Mwaka wa 1966 alimzuia Spassky asimnyang'anye taji. Katika mchezo wa 10 wa mashindano hayo alionyesha kwamba mlinzi hakosi mkuki: alimpeleka malkia wake pembeni kabisa mwa ubao, ubavuni mwa mfalme wa adui. Mfalme akimla, farasi angekula ngome na kutisha mfalme na malkia kwa pamoja. Spassky akakubali kushindwa papo hapo. Miaka mitatu baadaye Spassky alirudi, akalitwaa taji.

Masikio yake hayakuwa mazuri, akatumia kifaa cha kusikilizia. Mwaka wa 1971 huko Seville, Hispania, Mjerumani Hübner aliteswa na kelele za nje hata akaacha mashindano. Petrosian alikuwa amezima kifaa chake tu! Mwaka uliofuata, huko Skopje, Hübner huyo alimshinda kwa saa kwisha. Katika mashindano 10 ya mataifa, michezo karibu 130, huo ndio mchezo pekee aliopoteza. Alifariki Moscow tarehe 13 Agosti 1984. Nchini Armenia sataranji ni somo la lazima katika shule za msingi tangu mwaka wa 2011.

Baba yangu alifariki kabla sijajua hata farasi anaendaje. Habari ya karani hatukuizungumza kamwe, yeye na mimi. Siku alipoacha kazi, mwenye ghala alimwambia kwamba kwa miaka yote ile hakupotewa hata na mfuko mmoja. Baba alitueleza hayo wakati wa kula, kwa maneno machache, kisha akaomba chumvi.

Juzi nilikuwa nikicheza na yule mwalimu chini ya mwembe wake. Nilikuwa na nafasi ya kushambulia, lakini nikamrudisha farasi wangu nyuma, nikaziba pembe moja ambayo hakuna aliyekuwa akiitazama. Mwalimu akaniuliza, "Mzee mwenzangu, umeogopa nini?" Nikamsimulia habari ya pipa. Alisikiliza, akatikisa kichwa, akafikiri muda mrefu juu ya ubao. Jua likazama tukiwa hatujamaliza.