Kabla Hujamwacha Mwanao Morogoro

Treni ya umeme kutoka Dar ilitushusha Morogoro asubuhi, mimi na binti yangu, mabegi mawili na ndoo. Godoro tulikubaliana tutanunua mjini. Milima ya Uluguru ilikuwa imejifunika ukungu kuanzia kifuani kwenda juu. Mji kasoro bahari, wenyewe wanasema.

Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, kimekaa miguuni pa milima hiyo. Kilianzishwa mwaka 1984, mwaka uleule ambao Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine alifariki kwa ajali ya gari pale Dakawa, mkoani humuhumu.

Ada ilishalipwa, chumba kilishapatikana. Nilichofuata mimi ni milango: nione kwa macho yangu mtoto akikwama anagonga wapi.

Nina sababu. Miaka michache iliyopita mtoto wa dada yangu alidisko katika chuo kimoja, si hiki. Hakuwa mzembe. Alifiwa na baba yake muhula wa kwanza, akaacha kuingia darasani, akawa analala geto mchana kutwa. Ukimpigia simu, "niko poa, mamdogo." Tukaja kujua alipokwisha kuondolewa. Kumbe angeweza kuomba kuahirisha masomo kwa sababu ya msiba, akarudi mwaka uliofuata. Lakini ombi hilo hupelekwa mapema, kabla ya mitihani, si baada ya matokeo kubandikwa. Nyumbani hatukulijua hilo hata mmoja wetu.

Basi mzazi mwenzangu, jina la kwanza la kukariri ni mshauri wa wanafunzi. Usidhani ni mwalimu wa nidhamu. Ofisi yake ndiyo inayoshika habari za malazi, ushauri nasaha, wanafunzi wenye ulemavu, msiba, ugonjwa, hata ugomvi wa wanaolala chumba kimoja. Boom likichelewa, yupo afisa wa mikopo hapohapo chuoni. Kukimbilia kukopa kwa watu kuna mwisho mbaya. Binti akisumbuliwa na mtu yeyote, hata mwalimu, aulizie dawati la jinsia. Na kadi ya bima ya afya atembee nayo, isibaki kabatini kwa mama.

Mchana tulifika Mazimbu, kampasi ya Solomon Mahlangu. Palikuwa shule ya wakimbizi wa ANC ya Afrika Kusini, wakaikabidhi kwa Tanzania mwaka 1992. Walijenga madarasa, mabweni, hospitali, hata mahali pa kulelea watoto wachanga, kwa kuwa wanafunzi wao hawakuwa na mzazi wa kumpigia simu. Mahlangu mwenyewe alinyongwa Pretoria mwaka 1979 akiwa na miaka 22. Nilisimama makaburini kidogo. Binti yangu ana 19.

Tuliporudi kampasi kuu, nilikuwa natangulia mbele na daftari langu kama mkaguzi. Tulipofika kwenye mlango wa mshauri, binti akanishika mkono. "Mama, hapa niingie mwenyewe."

Nikakaa nje kwenye kivuli. Alikaa ndani muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Alipotoka nikamuuliza wamezungumza nini.

"Nimeulizia tu."

Mshauri naye asingeniambia. Mtoto ni mtu mzima, siri yake ni yake. Nilimeza mate, tukapanda daladala kwenda kutafuta godoro.