Sevo ya Gari na Sevo ya Ndege

Mwanetu ana gari na ndege za kuchezea, ziongozwazo kwa rimoti. Sevo ya gari, yaani mota ndogo igeuzayo magurudumu, ilipoharibika, tulimwamuru atie ile ya ndege, kwa kuchelea israfu. Ilikuwa ya gramu 9, gia zake za plastiki. Gurudumu lilipogonga jiwe, meno ya gia yakakatika. Tukamkaripia.

Akajibu kwa adabu: “Baba, ndege yataka sevo nyepesi, isilemewe angani. Gari lataka yenye nguvu na gia za chuma, kwani magurudumu hupigwa na mawe.”

Kosa lilikuwa letu. Tukamwomba radhi mbele ya mamake. Wazazi wenzetu, tuulize kabla ya kuamuru. Heshima yetu haipungui. Allah atujaalie usikivu.