Joto Lisiloitwa

Juma hili tunawasimulia habari ya mabomba, kwa kuwa tunadaiwa na watu wawili.

Sisi tuliokulia Ifakara, ambako joto halinunuliwi, tulifika katika parokia hii ya Minnesota bila kujua kwamba nyumba yaweza kupashwa moto kwa maji. Katika chumba cha chini ya ardhi limo boila liyapashayo maji hadi nyuzi 80 hivi za Selsiasi, na pampu huyasukuma hadi kwenye rejeta za vyumbani. Nyumba ya mapadre imegawanywa kanda tatu: ofisi, sebule, na vyumba vya kulala vya juu. Kila kanda ina pampu na themostati yake. Themostati ikiita joto, pampu huzunguka. Isipoita, kanda hiyo yapaswa kupoa.

Januari hii vyumba vya juu havikupoa. Themostati tuliyoipanga nyuzi 18 ilisoma 27. Padre mzee mstaafu tunayeishi naye alilala dirisha wazi, huku nje kukiwa nyuzi 20 chini ya sifuri, akaanza kukohoa. Bili ya gesi ilipopanda, mjumbe mmoja wa kamati ya fedha alituuliza kwa upole kama baridi inatusumbua mno. Tulielewa alichomaanisha, nasi kilituchoma. Lakini sisi nasi tulikuwa tumemshuku yule mzee kwamba huigusa themostati usiku. Kumbe yeye alidhani ni sisi, watu wa nchi ya joto, akatusitiri kwa kunyamaza.

Jumamosi tulishuka chini pamoja na muumini mmoja, fundi mstaafu wa mabomba. Kwanza alichomoa waya wa themostati ya juu. Joto likaendelea, themostati ikaondolewa lawama. Kisha akatuambia tuishike pampu ya juu. Haikutetema hata kidogo, kwa hiyo hapakuwa na swichi iliyokwama ikiizungusha. Hata hivyo bomba lake lilikuwa la kuunguza kiganja.

“Baba, maji yanapanda yenyewe,” akasema.

Maji ya moto ni mepesi kuliko ya baridi. Ofisi inapoita joto na boila likawaka, yale mepesi huparamia bomba la kwenda juu, nayo yaliyopoa hushuka kwa lile la kurudi, pasipo msaada wa pampu. Ndiyo sababu kila kanda hapa imewekewa vali yenye kifuniko kizito ndani, ambacho msukumo wa pampu tu hukiinua. Juu ya vali kuna skrubu ya kukiinua kwa mkono endapo pampu haifanyi kazi. Yetu ilikuwa imefunguliwa kabisa.

Nani aliifungua? Hapo tulikumbuka. Mwezi Desemba, umeme ulipokatika, ni sisi tulioshuka na tochi tukazungusha kila kilichozungushika.

Tuliikaza mara moja, lakini bomba halikupoa sawasawa: kutu ilikuwa imenasa chini ya kifuniko. Jumatatu boila lilizimwa, maji yakapunguzwa, vali ikafunguliwa na kusafishwa. Kamati tuliiambia ukweli jioni ile ile. Kwa mzee tulikwenda usiku, tukamweleza yote, pamoja na yale tuliyomdhania. Alicheka hadi akakohoa, akafunga dirisha, kisha akatuomba blanketi la pili.