Homer, Mgeni na Mjakazi



Mhariri ameniomba nieleze ninachokisoma tangu nilipostaafu ualimu. Najua wapo watakaopenda niandike juu ya vitabu vya kwetu, na zamu yavyo itafika, inshallah. Mwezi huu nimezichagua tenzi mbili kongwe za Wagiriki, Iliad na Odyssey, zinazonasibishwa na mshairi Homer, ambazo baadhi ya watoto wetu hukutana nazo katika shule za huku Uingereza.

Nimeziita tenzi kwa makusudi. Iliad ina mishororo zaidi ya 15,000 na Odyssey zaidi ya 12,000, na asili yake ni kughanwa mbele za watu. Msomi wa Kimarekani, Milman Parry, alikwenda Yugoslavia kati ya mwaka 1933 na 1935 akawarekodi waimbaji waliokuwa wakitunga hadithi ndefu papo hapo, na kazi yake ikaonyesha jinsi mafungu ya maneno yanayorudiwarudiwa yanavyomwauni mtungaji. Aliyekua akisikiliza tenzi hatalistaajabia jambo hilo. Tofauti zipo. Homer hana vina, na mizani yake hupima silabi ndefu na fupi. Malenga wetu humtaja Mola kwanza, kisha huagiza wino na karatasi. Homer haagizi wino, humwomba mungu wa kike wa ushairi amwimbie.

Hapo baadhi yenu mtakunja nyuso. Si ajabu. Wafasiri wa Baghdad wa zama za Abbasi walihamisha tiba na falsafa ya Wagiriki, wakaziacha tenzi hizi. Iliad nzima ilipata vazi la ushairi wa Kiarabu mwaka 1904, Sulayman al-Bustani alipoichapisha Cairo pamoja na utangulizi mrefu mno. Mimi huisoma miungu ya Homer kama nisomavyo mashairi ya Majahiliya, ambayo wanazuoni wetu waliyahifadhi kwa ajili ya lugha bila kuyafuata katika itikadi.

Kigiriki sikijui. Chuoni Dar es Salaam nilisoma Odyssey ya E. V. Rieu, tafsiri ya nathari iliyotoka mwaka 1946, nyepesi kama riwaya. Sasa mezani pangu ipo pia ya Emily Wilson ya mwaka 2017, ya kishairi, yenye idadi ya mishororo sawa na ya Kigiriki. Yeye ndiye mwanamke wa kwanza kuitoa Odyssey kamili kwa Kiingereza. Husoma ukurasa wa huyu, kisha wa yule. Panapotofautiana huandika pembeni, kwa penseli, neno la Kiswahili ambalo ningelitumia mimi. Zoezi hilo limenifunza mambo ambayo mihadhara haikunifunza.

Lichukueni neno *xenos*. Wafasiri wa Kiingereza hutaabika nalo, kwa kuwa wana neno moja la mtu asiyejulikana na jingine la mtu aliyekaribishwa. Katika kila mshororo hawana budi kuchagua, na kila wakichagua wanaacha nusu. Sisi tuna mgeni. Mgeni ni yule usiyemjua aliyesimama mlangoni, na mgeni ni huyo huyo akishaandaliwa sinia. Hakuna la kuchagua. Odyssey yote imesimama juu ya neno hilo. Kijana Telemachus anaona haya kumwona mgeni amekawizwa mlangoni. Anamkaribisha, anamlisha, na baada ya chakula ndipo anapouliza jina na atokako. Mfalme Alcinous anamtunza Odysseus, anamwahidi jahazi la kumrudisha kwao, na bado hajamjua jina. Menelaus naye asema kwamba kumhimiza mgeni aondoke kabla hajataka ni kosa sawa na kumzuia anayetaka kwenda. Mama yangu asingeongeza kitu hapo. Kinyume chao ni Cyclops, jitu la jicho moja, ambaye anawauliza watu habari zao kabla ya kuwapa hata maji, kisha anawala. Zawadi anayomwahidi Odysseus kwa ugeni wake ni kwamba atamla wa mwisho.

Pahali pamoja Kigiriki kinakipita Kiswahili: hata mwenyeji huitwa *xenos*. Ugeni kwao ni fungamano la pande mbili, na hurithiwa. Katika Iliad, Glaucus na Diomedes wanakutana vitani, tayari kuuana. Wakitajiana nasaba, inajulikana kwamba babu yake Diomedes alimkaribisha babu yake Glaucus siku 20. Wanashuka garini, wanashikana mikono, na wanabadilishana silaha, ya dhahabu iliyolingana na ng'ombe 100 kwa ya shaba iliyolingana na ng'ombe 9. Homer anamcheka kidogo Glaucus kwa biashara hiyo. Nami nikasoma nikiwakumbuka wazee wa hapa mjini, ambao wakikutana msikitini kwa mara ya kwanza huulizana mtaa, jina la babu, na jahazi gani lilimleta. Vijana huona ni udadisi. Wazee wanatafuta zile siku 20.

Neno la pili ni zito zaidi. Kasri la Odysseus lina wanawake 50 wa kazi. Wafasiri wengi wa Kiingereza wa karne ya 20 waliwaita kwa majina ya watumishi wa ndani, ungedhani walilipwa mshahara na kupewa likizo. Wilson anawaita watumwa, na Kigiriki kinamuunga mkono. Yaya mzee Eurycleia alinunuliwa akiwa msichana kwa thamani ya ng'ombe 20. Laertes, baba yake Odysseus, alimheshimu kama mke lakini hakumlalia kwa kuchelea hasira za mkewe. Sentensi hiyo inaeleza pia hali ya wale ambao hawakuwa na bibi mwenye hasira za kuwakinga. Mwishoni, 12 katika wale 50 wanatuhumiwa kulala na maadui wa nyumba. Wanalazimishwa kuitoa mizoga na kuvisafisha viti na meza, kisha Telemachus anawanyonga kwa kamba ya jahazi, na Homer anawafananisha na ndege walionaswa wakirejea vioto vyao. Ukiwasoma kama watumishi wakaidi, utapita haraka. Ukiwasoma kama watu walionunuliwa, unauliza ni lini waliwahi kupewa nafasi ya kukataa.

Kiswahili hakituachii maficho hapa. Tuna mjakazi, mtwana, mzalia, suria. Kila mmoja na daraja lake, kwa sababu waliosema lugha hii waliyahitaji maneno hayo kila siku. Soko la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Amri ya mwaka 1897 iliondoa hadhi ya utumwa kisheria, na masuria wakaachwa nje yake hadi mwaka 1909. Hiyo si enzi ya Homer. Bibi yangu aliwafahamu watu hao kwa sura. Lakini nyumbani tulisema "watu wa nyumba", nasi tukakua tukidhani ni jamaa wa mbali, kama wasomaji wa Kiingereza walivyokua wakidhani wale wanawake wa Ithaca walikuwa watumishi.

Mjukuu wangu wa kike, mwenye miaka 14, aliliona neno mjakazi pembeni mwa ukurasa kwa penseli yangu, akauliza maana yake. Nikamweleza. Akanyamaza, kisha akauliza kama kwetu walikuwapo. Nikamwambia walikuwapo, nikamtajia majina mawili niliyoyasikia kwa bibi, na pale walipozikwa, nje kidogo ya ukuta wa makaburi yetu.