Nilimwita Mdogo Wangu Mwizi, Kumbe Ni Waya wa Plagi

Leo sina stori ya staa, na simtaji mtu jina. Hii ni stori ya nyumbani kwetu Endagikot, Mbulu, na anayeumbuka humu ni mimi mwenyewe. Nimekaa nayo tangu Julai. Naiandika kwa sababu najua wengi wetu huku mjini tunatuma hela nyumbani, na kichwani tumeshawahukumu wadogo zetu bila hata kuwasikiliza.

Gari lenyewe ni Corolla 110 ya mwaka 1997. Mzee alituachia. Mimi niko Arusha natafuta maisha, dogo kabaki na mama, na ndiye dereva. Kazi kubwa ya hilo gari ni moja tu: kumpeleka mama kliniki ya presha. Mengine yote ni ziada.

Mwezi wa tano dogo akapiga simu. "Kaka, gari linasumbua asubuhi. Napiga starta weee, likija kuwaka linamisi, linatetemeka, halina sailensi kabisa. Nikiachia mafuta linazima." Kwa wasiojua, sailensi ni ule mngurumo wa injini ukiwa hujakanyaga mafuta. Likikosa sailensi, kila ukisimama gari nalo linakufa.

Nikatuma hela ya plagi. Mchana ananipigia kwa furaha: kaka, limepona. Kesho yake asubuhi: kaka, limerudia. Fundi kasema koili. Nikatuma. Mchana limepona, asubuhi limerudia. Fundi kasema pampu ya mafuta. Nikatuma. Mchezo ni ule ule. Jumla laki tatu na ushee, na mshahara wangu mnaujua, au kama hamuujui basi tuache.

Mimi nikapiga hesabu zangu za mjini. Spea mpya tatu, gari bovu vilevile, halafu dogo kaposti picha ana simu mpya. Si jibu hilo?

Siku ya kliniki wakatoka saa 11 alfajiri. Gari likazima njiani, likagoma kabisa. Mama akakaa kwenye baridi ya Mbulu, ile ya mwezi wa saba, mpaka kukapambazuka na bodaboda ikapatikana ya kumrudisha nyumbani. Kliniki ikapita. Nilivyosikia, sikumpigia hata dogo kumuuliza. Nikaingia kwenye grupu la familia, mbele ya shangazi, wajomba na mabinamu, nikaandika: "Wewe ni mwizi. Unakula hela ya dawa ya mama."

Hakujibu. Alijitoa tu kwenye grupu.

Wiki mbili baadaye nikapanda basi kwenda nyumbani, lengo ni gari liuzwe. Dogo akanisalimia, "Shikamoo kaka," akanipa funguo, akaingia zake ndani. Mama yeye hakusema kitu, ila alikuwa ananiangalia kwa namna ambayo sikuipenda. Jirani yetu mmoja ndiye akaniambia kabla sijauza nimwone mzee fulani pale Mbulu mjini, fundi wa siku nyingi.

Nikampelekea gari jioni. Mzee hakuuliza tumebadilisha nini. Aliuliza, "Mwanangu, linasumbua saa ngapi?"

"Asubuhi, mzee."

"Na mchana?"

"Mchana linatulia."

"Basi liache lilale hapa. Njoo alfajiri, kabla jua halijatoka."

Saa 11 nipo, ukungu mpaka chini, pua inachuruzika. Gari lilikuwa nje, limelowa umande. Mzee akafungua boneti na tochi. Kwanza akachukua kipande cha waya, akaunganisha matundu mawili, TE1 na E1, kwenye kile kiboksi kidogo pembeni ya injini. Toyota za zamani unasoma makosa yake hivyo: unawasha swichi bila kupiga starta, halafu unahesabu taa ya injini inavyopepesa. Ikapepesa sawasawa bila kukatika. Maana yake kompyuta haijarekodi kosa lolote.

"Sasa usije ukaamini kwamba ni zima," akasema. "Hii kompyuta haioni waya uliopasuka."

Akapiga starta. Likachelewa, likawaka, likaanza kutetemeka kama kawaida. Akawa anachomoa soketi za nozeli moja moja na kurudisha. Namba 1, injini ikalegea. Namba 2, ikalegea. Namba 3, hakuna kilichobadilika. Namba 4, ikalegea. "Unaona? Namba 3 hafanyi kazi. Hata ukimfukuza hakuna anayejua."

Akazima, akatoa plagi ya namba 3. Imelowa petroli. Akaniambia kama petroli inafika mpaka pale, basi pampu na nozeli wazima, kinachokosekana ni moto. Koili nayo akaiondoa kwenye kesi: hiyo inahudumia plagi zote nne, ingekuwa mbovu zingelia zote. Halafu akabadilishana plagi ya 3 na ya 2. Aliyekufa akabaki namba 3 yule yule. Kwa hiyo si plagi.

"Na hii plagi ni mpya kabisa," akasema huku anaimulika. "Aliyenunua kanunua kitu kizuri."

Aisee. Nikahisi tumbo limeshuka.

Akaliwasha tena, akazima tochi. "Angalia, ila usiguse." Gizani nikaona cheche za buluu zinaruka kutoka kwenye waya wa namba 3 kwenda kwenye chuma cha injini. Waya zile zimezeeka na ganda limepasuka. Unyevu wa alfajiri ukiingia kwenye ufa, umeme unaona njia ya mkato, unaishia kwenye chuma badala ya kufika kwenye plagi. Jua likitoka, injini ikipata moto, waya unakauka na gari linatulia lenyewe.

Mnaelewa hapo? Dogo alikuwa anabadilisha spea mchana. Limekauka, linawaka vizuri, ananipigia "limepona". Asubuhi umande, "limerudia". Kila simu aliyonipigia ilikuwa ya kweli.

Mzee akaweka waya wa kuazima, kumisi kukaisha. Lakini sailensi ilikuwa bado chini. Akafungua ile valvu inayopitisha hewa wakati hujakanyaga mafuta, ndani mweusi tii kwa masizi, inakwama. Akaisafisha kwa dawa na mswaki wa zamani. Injini ilipopata moto mshale ukatulia karibu 750. Seti ya waya na ufundi, jumla 55,000. Mimi nilikuwa nimetuma laki tatu na ushee kwa kubahatisha.

Nikarudi nyumbani nikamkuta dogo anachambua vitunguu saumu. Nikamwambia, "Plagi ilikuwa mpya kweli." Akasema, "Nilikuambia." Nikamuuliza simu. Kauza saumu zake. Shamba nalijua, na sikuwahi kumuuliza mavuno yalikuwaje.

Nikaomba msamaha pale pale, halafu nikauandika kwenye lile lile grupu, maana nilimtukania huko. Shangazi akaweka emoji ya kulia. Dogo hakuuona, hayupo. Nimemrudisha mara mbili, anajitoa. Mama kliniki anaenda, gari linawaka kwa starta moja, na dogo akipiga simu siku hizi anaongelea gari tu, kisha anakata.

Kwa hiyo mdau, gari lako la zamani likianza kumisi, usikimbilie spea. Jiulize linasumbua saa ngapi, likiwa la baridi au la moto, mvua au jua. Liangalie wakati linaumwa, si likiwa limepona. Jaribu kitu kimoja kimoja. Na waya wa plagi usiushike gari likiwa linawaka, ule umeme ni zaidi ya volti 10,000.

Nani kashawahi kumtukana ndugu kwenye grupu halafu ikawa si kweli? Alirudi? Ulifanyaje mpaka akarudi? Nisaidieni, sitanii.