Kahawa, Gahwa, Ahwa

Miongoni mwa watu wetu wanaoishi hapa Maskati, na wengi wao ni wazawa wa Unguja waliorejea baada ya mwaka 1970 na ambao Kiswahili kingali ndiyo lugha ya jikoni mwao, wamo wanaoona haya kutamka "kahawa" mbele ya Mwarabu, wakidhani kwamba hilo ni neno lake lililoharibika midomoni mwetu, na kwamba lipo tamko moja sahihi ambalo sisi watu wa pwani tulilikosa. Dhana hiyo haina msingi.

Waarabu wenyewe hawakuafikiana. Wenyeji wa Maskati na wa milima ya Oman husema "qahwa", kwa ile qafu itokayo kooni. Mabedui husema "gahwa". Cairo na Beirut qafu imemezwa kabisa, hata pakasalia kikwazo kidogo tu cha pumzi, ndipo ikasikika "ahwa" kule na "ahwe" huku. Na wakulima katika baadhi ya vijiji vya Palestina husema "kahwe", kwa sauti ile ile ya k tuliyo nayo sisi. Tena wapo Mabedui waingizao irabu baada ya h, jambo ambalo wataalamu wa lahaja wamelipa jina la neno lenyewe, yaani "gahawa". Nasi irabu hiyo tunayo, ingawa kwa sababu nyingine: ulimi wetu haupendi konsonanti mbili kama hizo kukaa pamoja, na kwa ajili hiyo bahr ikawa bahari na mahr ikawa mahari.

Ama maana yake, nayo imesafiri. Kabla ya kinywaji hiki kujulikana, qahwa lilikuwa mojawapo ya majina ya mvinyo, na watungaji wa makamusi walieleza kwamba uliitwa hivyo kwa kuwa humwondolea mnywaji hamu ya chakula. Kisha katika karne ya 15 masufi wa Yemen, waliohitaji kukesha katika dhikri zao, wakaanza kunywa maji ya buni, na jina la kileo likahamia kwenye kinachofukuza usingizi. Si ajabu, basi, kwamba mwaka 1511 Khair Beg, msimamizi wa masoko ya Makka, aliwakusanya wanazuoni na kahawa ikaharamishwa, ingawa hukumu hiyo haikudumu. Wayemeni nao, walioifunza dunia kahawa, aghalabu hunywa maganda ya buni yaliyochemshwa pamoja na tangawizi, na wapo waitao hayo ndiyo qahwa.

Lakini tofauti iliyo kubwa zaidi imo katika adabu. Hapa Oman kahawa ni haki ya mgeni: hutanguliwa na tende au halua, hutiwa iliki, humiminwa kutoka katika dalla iliyoshikwa kwa mkono wa kushoto, na finjani hupokewa kwa mkono wa kulia, wala haijazwi, kwani kuijaza ni kama kumwambia mgeni anywe aende zake, naye aliyetosheka huitikisa, la sivyo ataendelea kumiminiwa. Kwetu Unguja, Mombasa na Lamu kahawa ni mali ya kichochoro na baraza. Muuzaji hupita na dele lake lililokaa juu ya makaa, akigonganisha vikombe ili asikike hata mtaa wa pili, na kahawa yenyewe ni chungu, nyeusi tititi, kashata ikiwa kando. Hulipa yeyote mwenye nazo, na pengine mmoja akawalipia wote waliopo. Kwa maoni yangu desturi yetu ina usawa zaidi, maana barazani hakuna mwenyeji wala mgeni. Ila ina ila yake, kwamba mwanamke humwoni hapo, ilhali wanawake wa Oman wana majlisi yao na dalla yao.

Cairo neno "ahwa" ni kinywaji na pia ni mahali pa kukinywea. Sisi tuliona heri kutenganisha, tukapata "mkahawa", na leo iko mikahawa ambayo ukiagiza kahawa utaletewa chai. Wasudani huiita "jabana", jina la chombo cha udongo inamopikiwa. Hata rangi imegawanyika: Mmisri husema "bunni", kutokana na buni, ilhali Mmoroko husema "qahwi", na sisi, tulio mbali naye kuliko Mmisri, tunasema "kahawia" kama yeye. Wahaya wa Bukoba, ambao tangu kale hutafuna buni zilizochemshwa na kumkaribishia mgeni, walibaki na "akamwani" yao, wala hawakumwazima mtu.

Kwa hiyo nawaomba wazazi wenzangu wa Maskati, mtoto akisema "kahawa" mbele ya wageni, msimsahihishe.